Gitaa la Shingo Mbili Jukwaani: Ichunge Shingo Usiyoipiga

Tarehe 5 Machi 1971, katika ukumbi wa Ulster Hall mjini Belfast, bendi ya roki ya Led Zeppelin waliupiga wimbo wao Stairway to Heaven mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Studioni mpiga gitaa wao, Jimmy Page, alikuwa ameujenga wimbo huo gitaa juu ya gitaa: mwanzoni gitaa kavu lisilo la umeme, kisha la umeme la nyuzi 12, na kwenye solo gitaa la umeme la Telecaster. Jukwaani mtu ana mikono miwili tu, na wimbo haukungoji uvue gitaa moja uvae jingine. Jibu la Page likawa Gibson EDS-1275, kiwiliwili kimoja chenye shingo ya nyuzi 12 juu na ya nyuzi 6 chini. Picha yake akiwa nalo imewafanya vijana wengi walitamani gitaa hilo, nami nikiwa mmoja wao.

Wapiga kantri wa Marekani walikuwa wamewatangulia wa roki kwa miaka mingi. Paul Bigsby alimtengenezea Grady Martin gitaa la shingo mbili mwaka 1952, na mwaka 1954 Semie Moseley akamtengenezea Joe Maphis la kwake. Kampuni ya Gibson waliingia mwaka 1958. Wote hao walikuwa wakitafuta kitu kimoja: kubadili mlio katikati ya wimbo bila kusimamisha wimbo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupanda nalo jukwaani, awe mpiga gitaa au mpiga besi. Jambo moja nitalirudia mara kwa mara, kwa sababu limewashinda wengi: shingo unayoipiga utaijua tu ukifanya mazoezi. Itakayokuharibia shoo ni ile usiyoipiga. Inaning'inia pale na nyuzi zake wazi, mbele ya spika zinazounguruma, na inasikia kila kitu.

Hatua ya 1: Upime wimbo kwanza

Chukua karatasi uandike wimbo wako sehemu kwa sehemu. Kila mahali mlio unapobadilika, andika una midundo mingapi ya kufanya mabadiliko. Wimbo ukienda midundo 120 kwa dakika, mdundo mmoja ni nusu sekunde, na kipimo cha midundo minne ni sekunde 2. Kama kuna vipimo vinane ambavyo kinanda na dramu wanabaki peke yao, una sekunde 16, na mtu aliyejizoeza atabadilisha gitaa ndani ya muda huo bila haraka. Huhitaji shingo mbili.

Ukikuta una vipimo viwili au vitatu tu, na gitaa la pili linapigwa mwanzoni peke yake, kuna njia nyingine: lifunge gitaa hilo kwenye stendi imara mbele yako, kifuani, ulipige huku lile jingine likining'inia mgongoni. Wapiga roki wakubwa wamefanya hivyo miaka mingi, hasa kwa gitaa kavu.

Shingo mbili zinastahili pale unapobakiwa na mdundo mmoja au nusu yake, au pale unapokwenda na kurudi mara nne au tano ndani ya wimbo mmoja. Zikiwa kwenye orodha yako nyimbo mbili au tatu za namna hiyo, endelea kusoma. Ukiwa na mmoja tu, jaribu kwanza kuupanga upya.

Hatua ya 2: Chagua jozi ya shingo

Jozi inayofahamika kuliko zote ni nyuzi 12 pamoja na nyuzi 6. Shingo ya 12 hubeba chodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zinazometameta, ya 6 hubeba solo. Ndiyo jozi ya Page, na ndiyo ya Don Felder wa Eagles aliyepigia Hotel California jukwaani kwa EDS-1275 nyeupe. John McLaughlin naye aliitumia jozi hiyo hiyo katika Mahavishnu Orchestra, kwa muziki wenye mwendo mwingine kabisa.

Jozi ya pili ni besi na gitaa. Hapa vipimo vya mwili vinabadilika. Besi ya kawaida ina urefu wa uzi, kutoka daraja (unapoishia uzi kwenye kiwiliwili) hadi nati (kipande unapopita uzi kwenda kichwani), wa milimita 864. Gitaa la EDS-1275 lina milimita 629 hivi. Mkono wa kushoto ukihama kutoka shingo moja kwenda nyingine unakuta freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zimesogeana ghafla. Vidole vilivyotanuka vinatakiwa vijikunje papo hapo, na siku za mwanzo utabonyeza pembeni ya freti kila mara. Mike Rutherford wa Genesis aliishi na jozi ya namna hii kwa miaka, kwa kuwa kwenye bendi yao ilimbidi awe mpiga besi na mpiga nyuzi 12 kwa pamoja.

Wapiga besi wana jozi nyingine mbili za kufikiria: besi yenye freti pamoja na isiyo na freti, na besi ya nyuzi 4 pamoja na ya nyuzi 8. Mimi binafsi naona ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa zaidi jukwaani, kwa sababu mlio wa besi isiyo na freti hauigiziki kwa pedali yoyote niliyowahi kuikanyaga. Chris Squire wa Yes alikwenda mbali zaidi, akabeba besi ya shingo tatu.

Jozi ya mwisho ni shingo mbili za nyuzi 6 zilizotyuniwa tofauti. Haina fahari machoni, ila kwa bendi inayopiga kwa tyuni mbili inaokoa muda mwingi.

Kabla hujalipa, simama nalo. Usilijaribu ukiwa umekaa, maana ukikaa paja linabeba uzito na kila kitu kinaonekana chepesi. Angalia shingo utakayoitumia zaidi imekaa juu au chini. Mojawapo inaweza kukikunja kifundo cha mkono wa kushoto kuliko nyingine. Kama solo zako ndizo ngumu, ziwe kwenye shingo isiyokukunja kifundo.

Hatua ya 3: Uzito, mkanda na kimo

EDS-1275 ina uzito wa kilo 6 hivi, na gitaa la kawaida la umeme huwa na kilo 3 hadi 4. Mkanda mwembamba wa nailoni utakukata bega kabla ya wimbo wa pili kwisha. Tafuta mkanda wa ngozi wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, upande wa ndani uwe wa ngozi yenye manyoya mafupi inayoshikana na nguo. Manyoya hayo yana kazi: gitaa lenye vichwa viwili upande wa kushoto hupenda kuinamisha vichwa hivyo chini, na mkanda unaoteleza utakufanya ulibebe kwa mkono wa kushoto ambao ungepaswa kuwa unapiga. Weka pia vifungio vya kufunga mkanda kwenye gitaa. Kilo 6 zikidondoka kutoka kiunoni, mara nyingi kinachovunjika ni kichwa, pale shingo inapokutana nacho.

Kimo ndicho watu wengi hukikosea. Wanaliteremsha mpaka mapajani kwa ajili ya picha, kisha wanashangaa kwa nini shingo ya chini haifikiki. Anza hivi: simama wima, kaza mkanda mpaka nafasi iliyo katikati ya shingo mbili iwe sawa na kitovu. Piga chodi ngumu kuliko zote kwenye shingo ya juu, kisha kipande kigumu cha solo kwenye shingo ya chini. Teremsha au pandisha sentimita moja moja. Ukipata kimo kisichokuumiza kifundo kwenye shingo zote mbili, toboa alama kwenye mkanda na usikibadilishe tena. Mikono huhifadhi umbali, na ukibadilisha kimo unaanza upya.

Mwezi wa kwanza usilivae zaidi ya dakika 20 mfululizo. Bega na mgongo wa chini vinahitaji kuzoea kama vidole.

Hatua ya 4: Nyuzi na tyuni

Shingo ya nyuzi 12 ina jozi sita. Jozi nne za upande mnene zina uzi mmoja wa kawaida na mwingine mwembamba ulio oktava moja juu yake. Jozi mbili za mwisho ni nyuzi pacha zenye sauti moja. Katika hizo zote, mwembamba wa jozi ya G ndio wa kuogopwa. Una unene wa milimita 0.2 hivi na sauti yake iko juu kuliko hata uzi wa kwanza wa E, kwa hiyo umevutwa kupita wenzake na ndio hukatika kwanza. Nunua nyuzi kadhaa za ziada za unene huo peke yake.

Namna ya kutyuni: anza na nyuzi nene za jozi nne pamoja na mmoja mmoja wa zile pacha, kama vile una gitaa la nyuzi 6. Zikishakaa, rudi kwenye zile nyembamba na pacha zilizobaki, ukiuzima mwenzake kwa ncha ya kidole ili tyuna isikie uzi mmoja tu. Siku zote panda kutoka chini. Uzi ukipita juu, ulegeze mpaka uwe chini ya noti kisha uupandishe, la sivyo utateremka wenyewe katikati ya wimbo. Mwishowe piga chodi ya E na ya D ukibonyeza kwa nguvu ile ile utakayoitumia jukwaani. Nyuzi nyembamba hupanda sauti zikibonyezwa kwa pupa, na chodi iliyokuwa safi kwenye mazoezi ya taratibu inakuwa chungu mbele ya watu kwa sababu ya mkono wenye hofu.

Tyuni shingo zote mbili chini ya taa za jukwaa, si chumba cha nyuma. Taa hupasha nyuzi joto, nazo hulegea.

Kapo, kibanio kinachofungwa shingoni kubonyeza nyuzi zote kwenye freti moja, inastahili neno lake. Hotel California iko katika B minor, na Felder aliweka kapo kwenye freti ya 7 ya shingo ya nyuzi 12. Maana yake vidole vyake juu vilikuwa vinashika umbo la E minor. Shingo ya chini haina kapo, kwa hiyo akishuka kwenye solo B minor ni B minor. Kichwa kinatakiwa kibadilishe lugha mbili ndani ya mdundo mmoja. Ukipanga wimbo wa namna hii, usikariri majina ya chodi. Kariri mahali mkono unapotua: juu, kidole cha kwanza freti fulani, chini, kidole cha kwanza freti fulani. Na kapo ya nyuzi 12 iwe na nguvu ya kushika jozi zote. Ikishafungwa, tyuni tena, maana kila kapo husukuma nyuzi pembeni kidogo.

Hatua ya 5: Umeme

Magitaa mengi ya aina hii yana swichi ya shingo yenye nafasi tatu: ya juu, zote mbili, ya chini. Nafasi ya katikati ndiyo mtego. Zote mbili zikiwa hai, sumaku za shingo usiyoipiga zinanasa nyuzi zake zinazotikiswa na kiwiliwili na spika. Kwa sauti safi na ndogo utasikia kama mwangwi mwembamba unaokufuata. Kwa distoshoni (mlio mkali uliochafuliwa makusudi) na sauti ya jukwaa la roki, mwangwi huo unageuka mluzi wa spika ndani ya sekunde moja.

Lilinipata mapema sana. Wimbo ulikuwa na mahali ambapo bendi nzima inanyamaza kwa midundo miwili kabla ya solo. Nilisukuma swichi, ikaishia katikati. Tukanyamaza wote, na nyuzi 12 ambazo hakuna aliyezigusa zikaanza kuvuma, zikapanda, zikajaza ukumbi. Tangu siku hiyo naisukuma swichi mpaka naihisi imegota ukingoni, na kabla ya kununua gitaa lolote la namna hii naipima swichi yake kwa kidole nikiwa nimefumba macho.

Wapo wanaoitumia nafasi ya katikati kwa makusudi. Ukityuni shingo moja katika chodi ya wimbo na kupiga ile nyingine kwa sauti safi, nyuzi zilizo wazi zinaitikia zenyewe kama kinubi chumba cha pili. Ni mlio mzuri kweli. Ufanye kwa sauti ndogo na kwa wimbo uliopangiwa hivyo.

Sasa tundu la kebo. Gitaa lenye tundu moja linapeleka shingo zote mbili kwenye pedali na amplifaya zile zile. Linafanya kazi, lakini kila ukihama unatakiwa ufanye mambo mawili pamoja: mkono usukume swichi, mguu ukanyage pedali ya kutoka sauti safi kwenda distoshoni. Moja likichelewa, nyuzi 12 zinapita kwenye distoshoni nzito, na chodi inakuwa tope.

Gitaa lenye matundu mawili, au tundu moja la stereo, linakuondolea adha hiyo. Kila shingo inakwenda njia yake: nyuzi 12 kwenye amplifaya safi, nyuzi 6 kwenye ile kali. Mguu unapumzika. Kwa jozi ya besi na gitaa hilo ni lazima kabisa, maana besi ikipitia amplifaya ya gitaa inapoteza tumbo lake na inaweza kuichana spika. Besi iende kwenye amplifaya ya besi au moja kwa moja kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti, kupitia kisanduku cha DI kinachounganisha ala na mikisa.

Kama tundu lako ni la stereo, tumia kebo ya stereo inayogawanyika mara mbili. Ukichomeka kebo ya kawaida, chuma cha plagi kitaigusa njia ya shingo ya pili na kuipeleka ardhini, na shingo hiyo itakuwa bubu. Watu wamefungua magitaa mazima wakitafuta waya uliokatika, kumbe ni kebo.

Amplifaya mbili zikiunganishwa na gitaa moja mara nyingi huleta mvumo mzito wa umeme. Chanzo ni kwamba waya wa ardhi umekuwa na njia mbili na umetengeneza mzunguko. Chomeka amplifaya zote kwenye soketi za njia moja ya umeme, na ukiendelea kuusikia weka kisanduku chenye transfoma ya kutenganisha kwenye mojawapo ya njia za gitaa. Usithubutu kukata au kuziba pini ya ardhi ya plagi ya amplifaya. Mvumo utaondoka kweli, lakini amplifaya ikipata hitilafu nyuzi ulizozishika zinaweza kuwa na umeme, na midomo yako iko kwenye maikrofoni. Wapiga muziki wamekufa hivyo.

Maliza kwa kulinganisha sauti. Piga wimbo wenyewe, si chodi moja, na umwombe mtu asimame mbali akusikilize. Shingo ya nyuzi 12 husikika kubwa ukiwa peke yako, kisha bendi ikiingia inamezwa.

Hatua ya 6: Inyamazishe shingo usiyoipiga

Swichi inazuia umeme, lakini nyuzi bado zipo na bado zinaguswa. Na ukiwa kwenye nafasi ya katikati kwa makusudi, kila mguso unasikika.

Ukipiga shingo ya chini, bahati iko upande wako. Mkono wa kulia ukishuka kufikia nyuzi za chini, sehemu ya mbele ya mkono, karibu na kiwiko, inalala yenyewe juu ya nyuzi za shingo ya juu na kuzizima. Achia ngozi ilale pale. Kwa sababu hiyo hiyo, vaa mikono mifupi au kunja mpaka juu ya kiwiko. Kifungo cha shati kikiburuzwa juu ya nyuzi 12 kinatoa mkwaruzo mrefu unaosikika hadi mlangoni. Vivyo hivyo bangili na saa.

Ukipiga shingo ya juu mambo yanageuka. Hakuna kitu juu ya nyuzi za chini. Ziko wazi, karibu na paja, karibu na kebo inayoning'inia. Dawa yangu ni kibana nywele cha kitambaa, kile kipana na laini, nilichokivisha kwenye shingo ya chini juu ya freti ya kwanza. Kinazima nyuzi zote sita bila kuziharibu tyuni. Wakati wa kuhama ukifika, mkono wa kushoto unateremka kutoka shingo ya juu, unakisukuma kibana kwa pembe ya kidole cha shahada mpaka kipite nati na kutulia upande wa kichwa, kisha vidole vinarudi kwenye freti. Ni mwendo mmoja kama wa kufuta vumbi. Ukiwa umejizoeza hauzidi mdundo mmoja. Kukirudisha ni kazi zaidi, kwa hiyo panga wimbo ili kurudi juu kuangukie mahali penye nafasi.

Kibana kikikaza mno kitang'ang'ania kwenye nati siku ambayo huwezi kusubiri. Kivute vute nyumbani mpaka kilegee kidogo.

Hatua ya 7: Mazoezi ya kuhama

Washa metronomu, kifaa cha kuhesabu midundo, kwenye midundo 60 kwa dakika. Piga kipimo kimoja juu, nyamaza kipimo kimoja, piga kipimo kimoja chini. Ndani ya kipimo cha ukimya kuna mambo matatu, na mpangilio wake ndio siri yote: mkono wa kushoto unazima nyuzi, mkono wa kulia unasukuma swichi, kisha mkono wa kushoto ndio unahama. Wanaoanza huhama kwanza, wanaacha nyuzi zinalia nyuma yao, halafu swichi inazikata kwa kishindo.

Ikishakuwa safi, punguza ukimya: midundo mitatu, miwili, mmoja. Halafu pandisha mwendo polepole mpaka ufikie wa wimbo. Rudia kila mabadiliko mara 20 kwa siku, ukianzia kipimo kimoja kabla na kuishia kimoja baada, badala ya kuupiga wimbo mzima kila mara.

Macho yana kazi yake. Ukiangalia chini utaona msitu wa nyuzi 18. Chagua alama moja ubavuni mwa kila shingo, mathalani nukta ya freti ya 7, na uipeleke jicho pale kabla mkono haujafika. Gundi inayong'aa gizani ikibandikwa juu ya nukta hizo itakusaidia taa zikizimwa kati ya sehemu. Zima taa za chumba ufanye mazoezi hivyo pia.

Wapiga besi, hapa kuna swali la bendi nzima: ukihamia shingo ya gitaa, nani anabaki chini? Bendi ya Rush walilijibu kwa miguu. Wakipiga Xanadu, wimbo wa mwaka 1977, watu wawili walisimama na shingo mbili kwa wakati mmoja, Alex Lifeson na EDS-1275 nyeupe, Geddy Lee na Rickenbacker yenye besi na gitaa. Lee alipokuwa kwenye gitaa, miguu yake ilishika noti za chini kwenye pedali za besi za Moog Taurus. Rutherford naye alizitumia pedali hizo. Kama huna, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unaweza kubeba, mradi muwe mmekubaliana noti kwa noti. Njia ya tatu ni kuacha pengo. Sehemu isiyo na besi kwa vipimo vinane, kisha besi ikarudi pamoja na dramu, inamtikisa msikilizaji kuliko besi iliyokuwepo muda wote. Lakini pengo lipangwe, na mpiga dramu alijue, apunguze naye. Pengo lisilopangwa husikika kama kosa hata likipigwa vizuri.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Pima nafasi. Vichwa viwili vinatoka mbali kushoto kwako, na ukigeuka kumtazama mwenzako vinapita na kila kilichopo: stendi ya maikrofoni, simbali, uso wa mtu. Bandika alama ya utepe sakafuni mahali pako.

Mwambie fundi mitambo mapema kwamba unahitaji njia mbili, na mziandike "shingo ya juu" na "shingo ya chini" kwenye mikisa. Wakati wa kupima sauti, mpigie pia lile badiliko lenyewe mara tatu, ili asikie kama swichi inapiga kishindo na ajue njia ipi inafufuka lini. Fundi asiyejua hili akiona njia moja iko kimya kwa dakika nne ataifunga, nawe utashuka kwenye solo yako na kukuta hakuna sauti.

Stendi ya kawaida haiwezi kulibeba salama. Tafuta ya shingo mbili, au lilaze kwenye kasha lake lililo wazi. Nyimbo zinazolihitaji ziweke zifuatane, ulivae mara moja na kulivua mara moja.

Uzi ukikatika, usisimame. Ukikatika ule mwembamba wa G, mnene wake bado upo na noti haijapotea. Ni wachache watakaogundua. Ukikatika mnene, ruka chodi zinazoutegemea au shuka shingo ya chini umalizie huko. Hilo nalo lifanyie mazoezi: upige wimbo wote mara moja kwa wiki kwenye shingo ya nyuzi 6 peke yake, toka mwanzo hadi mwisho, ili mkono ujue njia.

Baada ya shoo pangusa nyuzi zote 18, hata zile ambazo hukuzigusa sana, kwa sababu jasho la kiwiko limelala juu ya nyuzi 12 usiku kucha na ndizo zinazoshika kutu kwanza. Kaza skrubu za vifungio vya mkanda. Sukuma swichi ya shingo mbele na nyuma mara kadhaa kabla ya kufunga kasha, na ukisikia inakwaruza, iandike kwenye karatasi ya kazi za kesho.